Mahitaji Niliyosahau Kuyaandika

Wifi yangu akiulizwa mimi nafanya kazi gani hujibu, "Anafunga vifurushi," kisha hunyamaza makusudi ili mgeni adhani nauza njugu pale Kombani. Nikianza kujieleza, yeye hucheka hadi akashika mbavu.

Kusema kweli hakosei. Nimekaa miaka hapa Msambweni, kwenye meza iliyo karibu na dirisha la jikoni, nikifunga programu za kompyuta ili ziweze kuingia kwenye mfumo mmoja wa bure ambao watu wa nchi nyingi tunautunza kwa kujitolea. Programu haijitoshelezi hata siku moja. Huazima vipande vya kazi vilivyokwisha kuandikwa na watu wengine, nasi tunaviita maktaba: hiki hutoa sauti, kile huchora herufi. Kazi yangu ni kuandika orodha ya mahitaji, kwamba programu hii haiendi bila maktaba hii na hii. Orodha ikipungua, aibu ni yako, maana jina lako liko pale juu.

Programu niliyoipenda kuliko zote ni ile inayosoma maandishi kwa sauti ya Kiswahili. Niliifunga kwa ajili ya wifi. Huyu ni dada wa mume wangu, ni mwalimu, haoni tangu utotoni, na wakati huo alikuwa akikaa nasi. Sauti yenyewe ilisema Kiswahili cha mgeni aliyeshuka Diani juzi, naye akaiita Mtalii. "Wifi, Mtalii wako leo kala nini? Mbona kila neno analitafuna?"

Mwaka huo aliitwa Kwale kufanya mtihani wa kuwa naibu mwalimu mkuu. Alikuwa ameshaufanya mara mbili, akisomewa maswali na mtu, na mara zote mbili alirudi nyumbani amenywea, hataki hata chai. "Ukiomba usomewe swali mara ya tatu," aliniambia, "unamsikia mtu anavyovuta pumzi." Safari hii aliomba asome mwenyewe kwa kompyuta, wakamkubalia. Kompyuta ingekuwa ya kwao, isiyo na mtandao kwa sababu ni mtihani. Mimi nije asubuhi na programu kwenye flashi, niiweke.

"Umeijaribu?" akaniuliza njiani.

"Wifi, naijaribu kila siku ya Mungu."

"Kwako."

"Kwangu, ndiyo. Ulitaka nikaijaribu kwa jirani?"

Alitabasamu tu, na mimi nikaona nimeshinda.

Tulifika saa mbili. Msimamizi alikuwa mzee mmoja mpole. Tulimpa shikamoo, akatupeleka chumbani. Nikachomeka flashi, programu ikaingia bila kulalamika. Nikabonyeza. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikabonyeza tena kwa nguvu, utadhani kompyuta ni kengele ya mlangoni.

"Mtalii amelala?" wifi akauliza.

"Anaamka."

"Mwambie watu wanamngoja." Aliyasema kwa mzaha, lakini mkono wake ulikuwa umeikamata fimbo yake nyeupe ya kutembelea kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilitamani sakafu inimeze. Kwenye kompyuta yangu maktaba ya sauti ilikuwapo tangu zamani. Ililetwa na programu ya redio niliyoiweka mwenyewe, nikaisahau. Kila asubuhi Mtalii aliikuta imekaa tayari, akasema, nami nikaona yote ni sawa. Katika orodha ya mahitaji sikuiandika hata kidogo. Kompyuta ya Kwale haikuwa na redio. Mjinga mimi! Miaka yote ya kuwacheka wenzangu wanaosahau mstari, nami nimeusahau mstari kwa mtu wangu mwenyewe.

Msimamizi akaitazama saa. "Ikifika saa nne haijasema, mwalimu, nitakusomea mimi. Nitasoma taratibu." Alisema kwa wema kabisa.

"Ahsante sana," wifi akajibu. "Lakini namngoja wifi yangu."

Maneno hayo yalinichoma kuliko matusi. Mzee akaniruhusu kutumia kompyuta ya chumba cha mbele, yenye mtandao. Nikaipakua maktaba, nikarudi mbio. Ikagoma kuingia! Walioifunga walikuwa waangalifu kuliko mimi, waliandika wazi kwamba haiendi bila mwenzake. Nikarudi mbele, nikamleta mwenzake. Naye akataka mwenzake mwingine.

"Kwani hii ni harusi?" wifi akauliza aliposikia kandambili zangu zikipita mara ya tatu. "Kila mmoja haji bila shangazi yake!"

Mzee alicheka. Mimi nilikuwa karibu kulia.

Saa nne kasoro dakika tano, kompyuta ikasema kwa lafudhi yake ile ile: "Swaali la kwaanza."

"Alhamdulillahi," akasema wifi, mkono ukailegeza fimbo. "Haya, toka nje. Nina mtihani."

Jioni ile niliuandika ule mstari. Tangu siku hiyo kila programu naijaribu kwanza kwenye mfumo mtupu usio na kitu changu chochote. "Eeh, sasa unakwenda kwa jirani," wifi akasema.

Akaipata kazi, mashallah, katika shule moja upande wa Kinango. Tulimpikia pilau, tukamfungia virago, mume wangu akampeleka. Nilifurahi kikwelikweli. Nilijiona hata nina mkono wangu katika jambo lile.

Jumatatu ya kwanza tuliamka jua limeshapanda, na mapipa yote yalikuwa makavu. Kwetu maji ya mfereji hutoka alfajiri, hukaa kidogo, hukatika. Saa ngapi hasa? Sikujua. Miaka yote hiyo niliamka nikakuta mapipa yamejaa, watoto wamevaa, soksi zimekutana na wenzake, nami nikaenda zangu mezani. Nilisimama uani na ndoo tupu, nikamkumbuka. Kisha nikampigia.

"Wifi, maji hutoka saa ngapi?"

Alicheka, akacheka, hata nikaogopa atakatika pumzi. "Hukuandika?"

"Sikuandika."

"Haya, chukua karatasi."

Nikachukua. Akaanza kunitajia taratibu, kwa sauti yake ya darasani: mfereji hukohoa mara mbili kabla ya adhana, ndipo uamke, pipa la bluu lijazwe mwisho kwa kuwa linavuja, kiberiti kikae juu ya rafu, si karibu na sinki. Karatasi ikajaa upande mmoja. Nikaigeuza, nikaendelea kuandika, naye alikuwa bado hajafika kwa watoto.