Na Pikipiki Kuukuu Hadi kwa Fundi wa Geita

Kilichonitoa nyumbani ni maneno ya mke wangu. Vita ilipokwisha, nikiwa bado kijana, nilinunua pikipiki iliyokuwa imemaliza kazi ya jeshi, na kwa mwaka mzima mtaa wetu wote wa Shinyanga uliujua mlio wake. Kisha nikaoa. Akaja Limi, wakafuata wadogo zake wanne, na pikipiki ikaingia ghalani nyuma ya magunia ya mtama. Kuku walitagia juu ya kiti chake miaka tisa. Mwaka wa kumi, pamba ilipokwisha kuvunwa, niliitoa nikaisafisha. Iliwaka, lakini ikipata moto tu ilikohoa na kuzima, na mafundi wa mjini wakanyoosha mikono. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaitaka kwa ng'ombe wawili wa kulimia.

"Baba Limi," mke wangu aliniambia, "ng'ombe wanalima. Hii inalima nini? Nenda nayo kwa huyo fundi wako wa Geita unayemsifu kila siku. Ikirudi inakwenda yenyewe, iwe yako. Ikirudi juu ya lori, ni ya kaka."

Shamba letu lilihitaji ng'ombe kweli. Lakini roho iliniuma.

Jumatatu alfajiri niliondoka, koti la zamani limenibana na tumbo la baba wa watoto watano linagusa tangi. Barabara ya Solwa ilikuwa kavu, vumbi limelala kwa baridi ya usiku. Mikono ilikumbuka mambo ambayo kichwa kilikwisha kuyasahau: klachi, gia, kulala kidogo kwenye kona. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Mchunga ng'ombe mmoja alisimama akanipungia fimbo, nami nikaona nimekuwa mtu tena.

Saa nne, mbele kidogo ya Mwakitolyo, furaha ikaingia mchanga. Kwenye mwinuko injini ilikohoa mara tatu, ikazima. Kina mama waliokuwa wakitoka kisimani walitua mitungi yao.

"Mwangaluka, bhabha!" wakanisalimu kwa Kisukuma, na mmoja akaongeza kwa Kiswahili, "Huyu punda wako amekula nini?"

"Amelala njaa miaka tisa, mama."

"Basi tumsukume kabla hajafa." Wakasukuma huku wakicheka mpaka juu ya mwinuko. Mara nne zaidi ilizima kabla ya Geita, na kila ilipozima niliwaona ng'ombe wa shemeji wakiingia zizini kwangu.

Saa kumi na moja jioni nilifika kwa Fundi Maganga, aliyekuwa na karakana ndogo ya baiskeli na pampu kwenye njia ya kuelekea mgodini. Jeshini tulikuwa pamoja. Lori likiwa bado nyuma ya kilima, yeye alikwisha kukuambia ni lipi na linaumwa nini. Nilimwita kwa sauti, hakugeuka. Mkewe, Mama Yosefu, akatoka.

"Karibu, shemeji. Hasikii. Homa ya mwaka juzi ilimwachia uhai, ikachukua masikio."

Nilikaa juu ya jiwe. Nakiri kwamba sikumhurumia yeye kwanza, nilijihurumia mwenyewe.

Maganga aliponiona alinikumbatia, kisha akaisogelea pikipiki. Akanionyesha kwa mkono niiwashe. Alichukua kijiti kikavu, ncha moja akaigusisha kwenye injini, ya pili akaiuma kwa meno, akafumba macho. Akakihamisha kidogo, akauma tena. Kidole chake kiliniambia: ongeza moto, punguza, ongeza. Sijapata kuona mtu akisikiliza namna ile.

"Vali ya kutolea moshi!" alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiosikia. "Ikipata moto inakwama, haifungi."

Jumanne aliifungua. Vali ilikuwa nyeusi kwa masizi, vilevile alivyosema. Aliiosha kwa mafuta ya taa, akaipekecha mahali pake kwa viganja viwili kama mtu anayewasha moto wa kijiti, hadi jioni.

Jumatano tulitoka kuijaribu. Hakutaka malipo, alitaka kuendesha. Nikapanda nyuma, tukaenda hadi Nkome, ziwani, na gia zote alizibadilisha barabara bila kusikia hata moja. Ufukweni dagaa walianikwa mchangani, wavuvi wakaacha nyavu kututazama. Nilimwuliza kwa ishara kama anaisikia.

"Kwa makalio!" akajibu, wavuvi wakaangua kicheko. "Tena vizuri kuliko wewe. Wewe umezoea kusikiliza vilio vya watoto!"

Alhamisi nilirudi. Mwinuko wa Mwakitolyo niliupanda bila kikohozi hata kimoja, nikapiga vigelegele kama bibi harusi ni wa kwetu. Jua lilipokaribia kuzama niliingia uani. Shemeji alikuwepo, na ng'ombe wake wawili wamekwisha kufungwa kwenye mti.

"Rudi nao, kaka," mke wangu akamwambia.

"Dada, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana ikirudi juu ya lori. Unaliona lori?"

Akaniletea maji ya kunywa, akasema polepole ili kaka yake asisikie: "Nimeusikia mlio tangu ulipovuka mto. Enzi zile ulipokuwa ukipita kwa baba, niliacha kutwanga ili niusikilize. Kule kukaa kwake kimya ghalani ndiko kulikoniudhi."

Niliona haya. Fundi asiye na masikio aliisikia pikipiki kwa meno. Mimi mwenye masikio mawili mazima nimelala kitanda kimoja na mke wangu miaka yote hiyo tisa, na sikuwahi kumwuliza kama anaukumbuka mlio ule.