Jogoo wa Kusameheana

Boazi Mwazembe, mzee wa kanisa na muuza viazi hapa Chapwa, hajawahi kuonja pombe. Hata togwa huinusa kwanza, isije ikawa imechacha. Siku lori lilipoihama foleni ya mpakani na kumvunja mguu akiwa kando ya barabara, sisi tulioona tulikuwa kumi, na lori lilikuwa na bima. Madai yale hata mbuzi angeyashinda.

Lakini dereva akamfuata wodini na jogoo, akapiga magoti, akalia kwamba atafukuzwa kazi. Kwao Boazi, ukila kuku wa aliyekukosea, umemsamehe. Akamla mpaka shingo. Kisha akasaini karatasi aliyoletewa na dereva, inayosema yeye Boazi alikuwa amelewa, akajitupa barabarani mwenyewe. Alisomewa, akaelewa, akasaini!

Mguu ulipogoma kupona, nikamkokota kwa Angel, msaidizi wa kisheria. Angel akaisoma nakala ya karatasi ile mara mbili.

"Baba, dereva asingelipa kitu. Bima ndiyo ingelipa. Kwa maneno haya, madai yako umeyazika kwa mkono wako."

"Undugu ni bora kuliko bima, mwanangu," Boazi akajibu, kifua mbele.

Undugu! Hata jina la yule dereva halijui.

Nakala ikawafikia wazee wenzake, wakamvua uzee wa kanisa kwa ulevi. Lori lile bado linapita hapa. Dereva akimwona hupiga honi, na lile zuzu huinua gongo lake la kutembelea kumpungia.