Magitaa Saba ya Kaka

Magitaa yalikuwa saba, na mimi sikujua kupiga hata moja vizuri. Yote yalikuwa ya kaka yangu. Yalitundikwa kwenye misumari chumbani kwake, katika nyumba yetu ya matofali mabichi huku Iyula. Kaka alipokufa, mama aliniambia nihamie chumba kile ili kisipoe. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nafanya kazi kwenye shamba letu la kahawa, na sikuwa mtu wa maneno. Rafiki yake kaka, aliyekuwa akipiga naye besi kwenye harusi, alikuwa akinitania mbele za watu: "Bwana mdogo, unaongea kama redio iliyokwisha betri." Miaka ile betri zilikuwa hazipatikani, kwa hiyo watu walicheka kweli.

Kaka alikufa kwa homa ya siku nne, wakati wa kuchuma kahawa. Siku ya kuondoa matanga, wajomba na baba wadogo waligawana vitu vyake. Koti lilipata mtu, baiskeli ilipata mtu, hata viatu vilivyotoboka vilipata mtu. Baba mdogo aliyatazama magitaa akasema, "Na haya nani atayala?" Akacheka peke yake. Ndivyo yalivyobaki kwangu, bila mtu yeyote kunipa.

Kaka alikuwa akiyapata moja moja, kila alipokwenda Tunduma. La umeme alilipata kwa dereva wa lori, ingawa huku kwetu umeme hakuna. Aliliunganisha na redio likatoa sauti kama mbu aliyenaswa ndani ya chupa, naye akafurahi siku nzima. Jeusi lenye tumbo kubwa alilivusha kutoka Nakonde, upande wa Zambia, akiwa amelifunika kitenge na kulibeba mgongoni kama mtoto. Lilikuwepo dogo la rangi ya asali, lilikuwepo jekundu lililochorwa ua, na jingine ambalo shingo yake ilivunjika akaifunga kwa mpira wa baiskeli. Besi ilikuwa na nyuzi nne. La saba lilikuwa kopo.

Lilikuwa kopo la mafuta ya kula, la galoni moja, lenye mti wa mwanzi kwa shingo na waya nne za breki ya baiskeli. Kaka alilitengeneza alipokuwa mtoto, mwaka uliofuata uhuru, mimi sijazaliwa. Lilikuwa na kutu, na tundu lake la sauti lilikatwa kwa kisu, likawa na meno pembeni. Sikuwahi kumwona akilipiga. Lilikaa kwenye msumari wa mwisho, nyuma ya mlango.

Kila Jumapili niliyapangusa yote kwa kitambaa. Nyuzi zilikuwa zinakatika na mpya hazikuwepo dukani, kama sabuni na chumvi zilivyokuwa hazipo.

Ndipo ukaja mwaka wa themanini na tatu, msako wa walanguzi ukaanza. Habari zilitoka Tunduma kila siku, na kila siku zilikuwa zimekua. Tuliambiwa mfanyabiashara mmoja ametupa katoni za sabuni chooni. Tuliambiwa mama mmoja wa Chapwa amemwagia migomba yake mafuta ya kula, na migomba imekufa. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mpole mwenye kikohozi, alipita akisema kila mwenye vitu kupita matumizi yake ajiandae kueleza alivyovipata.

Jioni ile rafiki yake kaka alikuja akatukuta jikoni. Alikaa kwenye kigoda, akaanza utani wake.

"Mama, nyie hapa mko hatarini."

"Hatari gani tena, baba?"

"Mwenye gitaa moja ni mpigaji. Mwenye magitaa saba ni duka."

Mimi nilicheka. Mama hakucheka. Aliendelea kukoroga mboga, kisha akauliza, "Yale ya mpakani yana karatasi?"

"Karatasi gani, mama? Mwanao alivusha gitaa kwa mbeleko."

Mama alikuwa akiitwa kwa jina la kaka, mama wa fulani, na watu waliendelea kumwita hivyo baada ya msiba. Hakumkataza mtu. Asubuhi yake, tukipukuchua mahindi, aliniambia bila kunitazama, "Bakiza machache. Mawili, matatu. Mengine yasionekane. Nimeshamzika mmoja, sitaki mwingine achukuliwe na mgambo."

Nilitaka kumwuliza nibakize yapi. Nadhani aliona, maana alisema, "Wewe ndiye unalala nayo. Wewe ndiye unayajua."

Ilinichukua siku tatu. Niliyalaza kitandani, mimi nikalala chini kwenye mkeka. Jeusi nilijua litabaki, kwa sababu kaka alilipiga harusi ya mwisho, na chini ya tundu lake pana alama nyeupe ambapo ukucha wake ulikuwa ukikwaruza. Dogo la rangi ya asali lilibaki kwa sababu mkono wangu unalizunguka. La tatu lilinisumbua. Nilishika la umeme nikaliweka, nikashika jekundu nikaliweka. Mwishoni nilichagua lile la shingo iliyofungwa mpira, kwa kuwa fundo la mpira ule alilifunga yeye mwenyewe, na niliogopa kwamba nikilizika fundo litafunguka.

Yaliyokuwa ya kufichwa yakawa besi, la umeme na jekundu. Kopo halikuhitaji kufichwa. Nani angekamatwa kwa kopo? Lakini jeusi lilikuwa limebaki na nyuzi mbili tu, na kopo lilikuwa na waya nne. Nikafikiri kama fundi anavyofikiri. Nilizifungua zile waya, nikazihamishia kwenye jeusi. Mti wa mwanzi niliupeleka jikoni ukawa kuni. Bati lenyewe nililikata ubavuni kwa panga, nikalilaza juu ya jiwe na kuligonga mpaka likawa bapa, ili lifunike shimo.

Shimo tulilichimba mchana, mimi na rafiki yake kaka, nyuma ya migomba. Usiku jembe husikika mbali. Mtu akiuliza, tungesema ni shimo la taka. Nilimwambia achukue besi, ni yeye aliyekuwa akiipiga.

"Nikaiweke wapi? Kwangu nina redio mbili. Hiyo si itakuwa duka dogo?"

Lakini alipoishusha shimoni, ikiwa ndani ya gunia la kahawa na nailoni, aliishikilia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Utani ulimwisha. Niliweka mbao, kisha lile bati, kisha udongo.

Mama alitoka jikoni akatukuta tunafukia. Ubavu wa bati ulikuwa bado unaonekana, pamoja na picha ya ng'ombe iliyochapwa kwenye kopo.

"Hilo ni lile kopo?"

"Ndiyo, mama. Halikuwa na kazi."

"Haya," alisema, akarudi ndani. Siku ile hakupika. Nilidhani ni hofu ya mgambo.

Nilipaswa kukumbuka jambo moja. Tulipohamishwa kutoka shamba letu la zamani kule Igamba kuja kijiji cha ujamaa, mimi nilikuwa na miaka tisa. Lori lilikuwa moja kwa familia tano, na kila nyumba iliambiwa ipunguze. Mama aliacha jiwe lake la kusagia, aliacha mtungi mkubwa aliopewa na bibi, akaacha hata mlango. Kopo lilikuja mapajani mwake njia nzima. Nililiona kwa macho yangu. Nilidhani anambebea kaka.

Hakuna mtu aliyekuja kupekua nyumba yetu. Balozi alikuja mara moja, akapiga hodi, nasi tukadhani ndiyo siku yetu. Alikuwa anaazima jembe. Alipoona magitaa matatu ukutani alikohoa akasema, "Yale mengine yako wapi? Nilizoea kuyaona mengi. Yalikuwa yanapendeza." Mama alimjibu yameharibika. Lilikuwa jibu la uongo siku ile.

Mvua za mwisho zilikuwa kubwa mwaka huo. Tulisubiri mpaka kahawa ilipoanza kuiva ndipo tukafukua. Maji yalikuwa yamepita chini ya nailoni. Gundi ilikuwa imeachia, na jekundu lilifunguka mikononi mwangu vipande viwili, lile ua likabaki kwenye udongo. La umeme lilikuwa limeota kitu cheupe kama pamba. Besi ilikuwa imeliwa na mchwa shingo nzima. Rafiki yake kaka alichuchumaa pembeni ya shimo. Nilisubiri aseme neno la kuchekesha. Alichukua funguo nne za kukazia nyuzi za besi, akazitia mfukoni, akaondoka bila kuaga. Hajanitania tena tangu siku ile, na sikujua kwamba nitaukosa utani wake.

Bati nililipeleka kwa mama. Nilidhani atalitaka kuzibia paa la banda la kuku. Alilipokea, akalipangusa kwa kanga, akajaribu kulikunja lirudi mduara. Halikukubali.

"Nilimchapa kwa ajili ya kopo hili," alisema. "Lilikuwa kopo la kwanza la mafuta kununuliwa nyumbani kwangu. Nilikuwa nimelitunza niwe napimia mahindi. Nikakuta amelitoboa. Na waya za breki ya baba yenu amezitoa, baba yenu amekwenda na baiskeli mteremkoni bila breki." Alitaka kucheka. "Nilimchapa mpaka nikachoka mimi. Jioni akaja mlangoni na kopo lake, akanipigia. Analia na anapiga. Alikuwa mtoto, lakini wimbo ule, mwanangu, sijausikia kwa mtu mwingine."

Alilisukuma bati chini ya kitanda chake, na mpaka leo lipo huko.

Sasa ni mwaka wa pili tangu tufukue. Magitaa matatu yako ukutani, na najifunza polepole, kama ninavyoandika. Nikipiga dogo, mama huchukua ndoo akaenda kisimani, hata kama maji yapo. Nikipiga la mpira, huingia ndani. Nikipiga jeusi, haondoki. Zile waya nne zina sauti kali, kama bati, na hazilingani na nyuzi nyingine. Mama huacha kupepeta, ungo ukabaki hewani.

Ilinichukua miezi mingi kupata ujasiri. Wiki iliyopita nilimwuliza. Niliweka kidole kwenye waya ya kwanza, nikasema, "Mama, wimbo ule ulikuwaje? Uanze, mimi nitautafuta."

Alifumba macho. Midomo yake ilisogea, akatoa sauti mbili, akanyamaza. Akajaribu tena, zikawa sauti nyingine.

"Umepotea, baba," alisema. "Nilikuwa naukumbuka kila nilipoingia chumbani kwake kufagia. Nikifunga mlango, kopo naliona, wimbo unakuja wenyewe."

Akachukua ungo wake. Nami nikainama, nikaendelea kukaza waya.