Mama Pindo Ajipima Upya

Kitendawili. Hukumbatia viuno vya mtaa mzima, chake hana. Umeshindwa? Basi nipe mji, nikwambie: ni futi ya fundi cherehani.

Saa mbili asubuhi futi hiyo iko shingoni mwa mama wa miaka arobaini na tisa, ambaye wateja wanamwita Mama Pindo. Anakaa kwenye cherehani, anainuka. Anabadili uzi usio na kosa. Anachungulia dirishani, anarudi kukaa.

"Una nini leo, shoga? Kiti kina miiba?" anauliza mpiga pasi, mwenzake wa chumba hiki cha kazi.

"Angalia pasi yako, inaunguza."

Miaka ishirini na tatu alikuwa mke wa mtu. Talaka ilipotoka, watoto walikwisha kujitegemea. "Nilikuwa napika anachopenda yeye, navaa anachopenda yeye," anasimulia. "Siku ya kwanza peke yangu nikaenda sokoni, nikasimama kama mgeni. Sijui hata nataka kula nini."

Mwezi uliopita akajinunulia kitambaa chekundu. Vipimo akavitoa kwenye daftari lake la zamani, ukurasa wa gauni lake la harusi. Akakata. Gauni likagoma nyongani.

"Fundi mzima," anasema, akijicheka. "Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemfukuza."

Ikabidi mpiga pasi ampime. Nyonga zimeongezeka inchi tano. Futi ilipomzunguka, mwili ukamsisimka. Alikuwa amesahau kwamba anao. Akaunga vipande ubavuni, gauni likakaa.

Alipolivaa, fundi saa wa mlango wa pili, aliyefiwa na mkewe, alidondosha bisibisi. Akamuuliza palepale: "Mama Pindo, nilete posa, au tutembee kwanza?"

Wiki tatu sasa, hajajibiwa.

"Namtaka," Mama Pindo anakiri, sauti chini. "Nikikata kitambaa namwona yeye. Ila naogopa kuwa mke tena kabla sijajijua."

Bintiye naye kamwuliza, "Mama, na umri huo?"

"Umri ndio ulioniletea nyonga hizi," akamjibu.

Amepanga kufunga kazi Jumamosi mchana, ajifunze baiskeli, jambo alilokatazwa miaka yote ya ndoa.

Mlangoni anatokea fundi saa. "Napita tu," anasema, wala hapiti. Mpiga pasi anajikohoza.

Mama Pindo anasimamisha cherehani.

"Tutembee," anamwambia. "Posa nitakuitia mwenyewe, siku nikiitaka."