Futi Tano za Shemeji Gordy

Hapa kwetu Manitowoc, mji wa kando ya ziwa linaloganda, mtu akikuudhi humwambii. Unamkaribisha kipande kingine cha jibini, unamuuliza habari za gari lake, na akishaondoka ndipo unamweleza mkeo yote uliyokuwa umeyameza. Verlin Dorschner alikuwa bingwa wa tabia hiyo. Alitengeneza mabasi ya shule mpaka alipostaafu, mpole mpaka anakera, na mkewe Arlene alipofariki hakubaki hata na wa kumweleza.

Kilichombakia ni meza. Kila Jumamosi mchana, kwenye chumba cha chini ya nyumba chenye harufu ya unyevu na sabuni ya kufulia, Verlin aliendesha mchezo wa kusimulia. Kila mchezaji ana mhusika wake, huyu mpiga upanga, yule mganga. Mwendeshaji anaeleza pango lilivyo na joka limelala wapi, mchezaji anasema mtu wake anafanya nini, na dadu ndiyo inayoamua kama amefaulu. Ni watu wazima kabisa, wenye mvi na vidonge vya presha, wanashinda wakipigana na majoka. Msiwacheke. Kuna wanaoshinda mchana huohuo juu ya barafu ya ziwa wakichungulia tundu, na hao tunawaita wavuvi.

Binti yake, Jodi, alikuja kwa ajili ya mchezo huo na si kwa lingine. Aliishi Appleton, mwendo wa saa moja kwa gari, na tangu msiba wa mama yake walikuwa hawana la kuzungumza. Kwenye simu waliishia hali ya hewa. Lakini mezani walizungumza. Jodi alikuwa na Brekka, mpiga upinde aliyemuunda akiwa na miaka tisa, na kwa mdomo wa Brekka aliweza kumtania baba yake, kumkaripia, hata siku moja kulia mbele yake, pale mfalme mmoja wa hadithini alipomzika mkewe. Verlin alijua vizuri kwamba siku Brekka akiondoka, na Jodi ameondoka. Aliiogopa siku hiyo kuliko ugonjwa.

Ndiyo maana alikithamini kiwambo chake. Waendeshaji wengi wanacho: kadibodi inayosimamishwa mezani, na nyuma yake mwendeshaji anarusha dadu zake bila kuonekana. Verlin alidanganya nyuma ya kadibodi ile kwa zaidi ya miaka ishirini. Joka likipata pigo la kumuua Brekka, yeye alitangaza kwamba limemkwaruza tu begani. Wenzake walijua, wakanyamaza. Huo ndio ustaarabu wenyewe wa mchezo.

Aliyeshindwa kunyamaza ni Gordy Pribyl, kaka yake marehemu Arlene. Gordy alifanya kazi kiwanda cha kreni mpaka walipompunguza yeye na wazee wenzake, wakabakizwa vijana wenye wajomba ofisini. Tangu hapo hakutaka kabisa kusikia habari ya upendeleo. Kitabu cha kanuni alikijua kama wengine wanavyojua nyimbo za kanisani. Ukisema mtu wako anaruka ukuta, atakuuliza amebeba mzigo wa uzito gani. Aliwahi kubishana na Peg Schmelzer, aliyecheza mganga, karibu mchana mzima kama mtu aliyelala anaweza kunusa moshi, na Lyle, mumewe Peg, akapanda zake juu kuangalia mpira. Jodi alimsihi baba yake amwite Gordy pembeni amwambie imetosha. Verlin alisema atamwambia, na hakumwambia. Majira ya baridi Arlene alipolazwa, ni Gordy aliyekuja kila alfajiri kuwaondolea theluji mlangoni, bila kuombwa, na hakuwahi kulitaja. Mtu kama huyo utaanzaje kumwambia kwamba anaudhi?

Halafu mhusika wa Gordy akauawa. Dadu ilikuwa ya halali; tatizo ni kwamba Verlin hakukumbuka kumdanganyia. Gordy alimeza, akaunda mtu mwingine, akakaa na lile donge wiki kadhaa. Jumamosi moja ya Januari, wakiwa katikati ya vita na joka la barafu, likamtoka.

"Shemeji, naomba hicho kiwambo kitoke," alisema. "Mtu wangu alikufa, sikatai. Lakini wa Jodi hafi. Miaka yote hii hafi. Mimi nataka tuwe sawa tu."

"Mjomba, huu ni mchezo," Jodi alisema.

"Basi tuucheze."

Ubaya wake, Gordy alikuwa anasema kweli. Peg aliinamia bakuli la jibini, Lyle akajikuna shingo. Mtu mwenye akili angesema sawa, kiwambo kitatoka, tumalize kwanza hili joka. Verlin alikikunja palepale, akakiegemeza kwenye mashine ya kufulia, ili amani ipatikane. Na hapo alifanya kosa ambalo hulifanya mwendeshaji peke yake: hakukumbuka kwamba joka lile alikuwa amelitunga mwenyewe, tena kali kupita kiasi, kwa sababu alijua atalizuia kwa uongo. Sasa uongo ulikuwa umeegemezwa ukutani.

Dadu zikaanza kutua mbele ya macho ya wote. Joka lilimpiga Brekka, likampiga tena, akaanguka kwenye barafu akivuja damu. Kwa kanuni, aliyeanguka hurusha dadu mara tatu ijulikane anapona au anakufa, isipokuwa mganga amfikie kwanza. Peg akasema anamkimbilia. Gordy aliinama juu ya ramani yenye viraba, kila kiraba futi tano, akahesabu kwa kidole.

"Hafiki," alisema, bila hila yoyote. "Mganga anakimbia futi thelathini kwa zamu. Pale ni thelathini na tano."

"Futi tano, Gordy," Peg alisema. "Kweli?"

"Mimi niliuawa kwa pungufu ya hapo."

Wote wakamgeukia Verlin. Kitabu chenyewe kinasema neno la mwendeshaji ndilo la mwisho, na hakuna aliyejua hilo kuliko Gordy, ambaye sasa alikuwa anasubiri. Pengine angeambiwa tu kwamba mganga anafika, angenung'unika kidogo, akaendelea na soseji yake. Jodi wala hakumwangalia mjomba wake.

"Sema wewe, Baba," alisema. "Si kitabu. Wewe."

Verlin alifungua mdomo. Alimwona binti yake, akamwona na Gordy, mabega yake makubwa ya kusukuma theluji. Kukataa ombi la mtu usoni pake, hicho kitu hakuwahi kujifunza.

"Tufuate kitabu," alisema, "ili pasiwe na manung'uniko."

Jodi alirusha dadu, ikatua vibaya. Ya pili ikatua vibaya, na ya tatu tena, na Brekka akafa kwenye barafu huku mganga wa Peg akiwa karibu kumgusa. Hakuna aliyepandisha sauti. Jodi alisaidia kukusanya sahani, akavaa buti zake, akamshukuru baba yake kwa chakula kama mgeni. Mlangoni Verlin alimwambia wataunda mhusika mwingine, mzuri zaidi. Jodi alijibu kwamba barabara itaganda, heri awahi.

Jumamosi iliyofuata Jodi hakutokea, na Lyle aliumwa mgongo. Ile nyingine Peg alikuwa na shughuli kanisani. Kisha hakuna aliyejisumbua hata kutafuta kisingizio. Gordy ndiye aliyekuja, kwa wakati, kila mara, na soseji za watu wawili, na wakacheza wawili hao katika chumba ambacho sasa kilionekana kikubwa mno.

Walikuwa katikati ya mchezo Jodi alipopiga simu. Verlin alipanda ngazi mbiombio akaipokea jikoni. Walianza na hali ya hewa. Kisha Jodi akasema hatakuja tena Jumamosi, kwa sababu amepata meza hukohuko Appleton.

"Nani anaendesha?" Verlin aliuliza.

"Mimi."

Moyo ulimruka kwa fahari, na palepale akaanza kuomba, akijifanya anatania. Je, hakuna kiti? Angekaa pembeni, hatasumbua, angecheza hata mchunga punda.

"Juzi nimemtoa mtu," Jodi alisema. "Alikuwa anawakosesha raha wenzake, nikamwambia asirudi. Ungekuwepo wewe, Baba, ungeniomba nimrudishe."

Verlin alitaka kukana. Lakini angemwombea kweli, na pengine angempa na kiti chake.

"Barabara za huko zimeganda?" aliuliza.

"Zimeganda, Baba."

Alishuka ngazi polepole, ameshikilia ukuta. Gordy aliuliza ni nani aliyepiga. Verlin alisema ni Jodi, anakusalimia sana. Kisha akakaa, akasogeza joka mbele kiraba kimoja, akamuuliza shemeji yake mtu wake anafanya nini.