Tochi ya Gwinyai

Ukoo wa Gwinyai Taruvinga ni ukoo wa tembo. Nyama yake hawaili, na ukitaka kuwasalimu kwa heshima unawaita Samanyanga, wenye pembe. Sasa mtu wa namna hiyo, kazi yake ikawa kutengeneza risasi za kuulia tembo. Hebu niambie, kama ungekuwa mtani wake, ungenyamaza?

Mimi sikunyamaza. Mimi ni wa ukoo wa nyani, na huku kwetu Dande sisi na wao ni watani tangu mababu. Naruhusiwa kumwita mwizi mbele ya wakwe zake. Naruhusiwa kuingia jikoni kwake nikafunua vyungu, kuvaa koti lake, kuficha viatu vyake, naye haruhusiwi kununa. Akifa, ni mimi wa kuuiga mwendo wake mbele ya waombolezaji mpaka wacheke. Basi amekufa, tumemzika mwezi uliopita, na kazi hiyo nimeifanya. Ila kulikuwa na neno moja nililotaka kulisema siku ile, la kumsafisha jina, nikalisema, ila halikwenda nilivyotaka.

Askari wetu wa wanyamapori walikuwa na bunduki moja kubwa, tunaiita nne-tano-nane, ya kuzuia tembo na nyati wasitumalize mashambani. Bunduki tulipewa, risasi hazikuwepo. Ukienda kuuliza madukani Harare, muuzaji anakucheka. Kwa hiyo risasi ikishapigwa, ganda lake la shaba linaokotwa, linaletwa kwa Gwinyai, naye analirudishia uhai. Alijifunza kazi hiyo kambini kwa mwindaji mmoja Mzungu, Haskett, alikoajiriwa kuosha vyombo. Alianza na sufuria akaishia na baruti.

Chumba chake kilikuwa cha bati, nyuma ya mashine ya kusagia mahindi, dirisha moja. Nimekaa humo miaka, naijua kazi ile kana kwamba ni yangu. Kwanza analisafisha ganda na kulipaka mafuta kidogo, analitia kwenye mashine na kuvuta mkono, lirudi umbo lake. Kisha anabandika fataki mpya kitakoni, ile ya kuiwasha baruti. Kisha analisimamisha kwenye ubao wenye matundu hamsini, mdomo juu, na hapo ndipo baruti inapoingia, kipimo kimoja kwa kila ganda, kimepimwa kwenye mizani ndogo ambayo hata ukipumua karibu inatikisika. Mwisho anakaza kichwa cha risasi juu yake.

Risasi nyingine ukiitikisa sikioni utasikia baruti ikicheza ndani. Ya nne-tano-nane haichezi. Baruti inajaa mpaka karibu na mdomo, kichwa kikiingia kinaishindilia, kimya. Na ganda ambalo halikutiwa kitu nalo, ukilitikisa, kimya. Ndiyo sababu kabla ya kukaza vichwa alikuwa akimulika tochi ndani ya kila ganda, moja moja, yote hamsini. Baruti ni nyeusi na shimo tupu nalo ni jeusi, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Siku ya baruti alitundika kitambaa chekundu mlangoni. Hapo haingii mtu, hata mkewe.

Ilikuwa Oktoba, mchana, joto la kukausha mate. Nilikuwa natoka mkutanoni kwa diwani, hotuba yake imenijaa tumboni, natafuta wa kumtapikia. Kitambaa chekundu nikakiona. Nikaingia.

"Mukanya, toka," akasema. Hilo ndilo jina letu sisi wa nyani. "Hukuona kitambaa?"

"Nimekiona. Nilidhani mkeo kaanika nguo ya ndani."

"Toka bwana, niko kwenye baruti."

"Baruti ya kuwaulia baba zako! Samanyanga mzima anauza ukoo. Na kikao cha familia mtafanyia wapi, buchani?"

Akakaza uso asicheke. Ala, mtani wangu anikazie uso? Nikaichukua tochi mezani, nikaishika mdomoni kama kipaza sauti, nikavuta suruali mpaka kifuani alivyofanya diwani. "Ndugu wananchi! Daraja linakuja! Mkiona halijaja, jueni liko njiani! Na mkiona haliko njiani, jueni njia ndiyo haijaja!"

Gwinyai akaweka chini kisahani cha mizani. Alicheka mpaka machozi, akajifuta kwa aproni, akaniambia nirudie pale pa njia, nikarudia. Jamani, kicheko cha mtu yule! Mtu ungekitafuta hata kwa kuvuka mto.

Kisha akaugeukia ubao. Akatazama matundu, akainamisha kichwa huku, akainamisha kule. "Nilikuwa nimefika wapi?"

Nikanyoosha kidole. "Hapa. Ulifika hapa."

Sikuwa nimeona kitu. Sikuwa hata nimeutazama ubao. Kidole kilitua tu, kama unavyomwonyesha mtu nzi. Naye, kwa kuwa ni mimi niliyesema, akaendelea palepale kidole kilipokuwa.

Nikaondoka. Jioni napekua koti natafuta tumbaku, nakuta tochi yake. Nikacheka peke yangu. Nikasema, ngoja aitafute siku mbili tatu, kitu cha mtani kukificha si wizi. Asubuhi akaja kwangu, hajanywa hata uji wake wa maheu.

"Mtani, hukuiona tochi yangu? Sijayamulika yale maganda."

"Kawaulize tembo," nikamwambia, "ndio wenye mikono mirefu."

Akatikisa kichwa, akaenda zake. Tochi ilikuwa chini ya mto wangu. Nilipanga nimrudishie keshokutwa, siku ya pombe, niitoe mbele ya watu wacheke. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, mama yangu aliniimbia hilo tangu nikiwa na meno ya maziwa.

Mchana uleule Dzingai Chimombe, askari wetu, alimwendea mbio. Nyati dume alikuwa ameingia kwenye mahindi ya mtoni, ana waya wa mtego mguuni, kichaa kwa maumivu, na watoto wanapita pale kwenda shule. Bunduki haina risasi. Gwinyai akayasogeza maganda dirishani, akayachungulia alivyoweza, akakaza vichwa, akampa risasi tano.

Kesho yake asubuhi Dzingai alimkuta nyati. Ya kwanza ilimpata mnyama begani. Akageuka, akamjia. Ya pili Dzingai akavuta, bunduki ikasema *pap*, kama mtu anayefungua chupa. Fataki peke yake ilikuwa imekisukuma kichwa kidogo tu, kikakwama ndani ya mtutu. Bunduki ikawa mti mikononi mwake. Nyati alimchana paja na kumvunjavunja goti, kisha akaanguka mwenyewe hatua kumi mbele, kwa ile risasi ya kwanza. Hospitali wakamkata mguu juu ya goti. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Walilileta lile ganda kwa mambo, mkuu wetu wa jadi. Ndani lilikuwa safi, linang'aa, halina masizi. Watu wote tulikaa barazani. Gwinyai alisimama, kofia mkononi.

"Kosa ni langu," akasema. "Sikutia baruti, na sikuangalia."

Mambo akamwuliza, "Siku ile ulipokuwa unafanya kazi, palikuwa na mtu?"

Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Hakunitazama hata kidogo.

"Hapakuwa na mtu."

Na mimi, ambaye mdomo huu haujawahi kufungwa na mchungaji, wala polisi, wala mama mkwe, siku ile niliufunga. Niliufyata kama mbwa. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikafika nikasema keshokutwa. Woga mtupu, sina jina jingine la kuupa.

Halmashauri ikachukua ufunguo wa chumba. Mambo akaamua kwamba Gwinyai amlimie Dzingai shamba lake kila msimu, maadamu anaishi, kwa ng'ombe wake na mikono yake. Akalima misimu tisa. Mvua ya kwanza ikinyesha, kabla hajagusa shamba lake, yuko kwa Dzingai. Lake likachelewa kila mwaka, na kila mwaka Mama Tsitsi, mkewe, akavuna mahindi mafupi. Sadza yake, ule ugali wetu, nilikuwa naimeza kwa maji.

Vijana wakampachika jina, Ganda Tupu. Siku ya kwanza nilipolisikia, kilabuni, wote walicheka wakanigeukia mimi, mtani, wanione. Nikacheka. Mungu ananiona, nilicheka nao.

Mara moja tu nilijaribu. Tulikuwa shambani kwa Dzingai, mimi natangulia ng'ombe, yeye ameshika plau. Nikasimama. "Samanyanga," nikasema, "siku ile ya diwani..."

"Ng'ombe hao wanakula mahindi ya watu," akasema. "Vuta."

"Sikiliza kwanza, nilikunyooshea kidole..."

"Mukanya! Umekuja kulima au kuhutubia? Vuta!"

Nikavuta.

Kifua kikamchukua mwezi uliopita. Siku ya maziko nilivaa koti lake na kofia yake, kama inavyonipasa. Nikauiga mwendo wake, ule wa kutembea kama amebeba mizani kichwani. Nikamwiga anavyovuta mkono wa mashine na kusonya. Mjane wake na wazee wanafuta machozi huku wanacheka. Dzingai alikuwa ameketi mbele kwenye kiti, magongo yake yamelala nyasini. Kaburi liko wazi. Nikasema moyoni, ni sasa au basi.

Nikavua kofia. "Ndugu zangu, huyu mmemwita Ganda Tupu miaka tisa. Ganda lile niliacha tupu mimi."

Wakacheka.

"Sitanii. Niliingia kwenye kitambaa chekundu. Nilimchekesha. Akapoteza hesabu, akaniuliza amefika wapi, nikamwonyesha nisipopajua."

"Huyo nyani!" akapaza sauti shangazi wa marehemu, ameshika mbavu. "Anataka hata makosa ya marehemu ayarithi!"

"Tochi nilimwibia mimi!" Nikaitoa kwenye koti, nikainua juu waione wote. Ileile, ya bati, kioo kimepasuka pembeni. Miaka tisa imekaa ndani ya gunia langu la mbegu.

Loo! Hapo ndipo walipoangua kicheko hasa. Nilikuwa nimeishusha mdomoni bila kujua. "Daraja linakuja!" akaita mtu kutoka nyuma, na kundi zima likaitikia, maana utani ule wa diwani niliurudia kilabuni jioni ileile, ukaenea Dande nzima. Nikalia. Nililia kwa sauti, kamasi na machozi, nikapiga magoti kwenye udongo wa kaburi, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyosema hajapata kutokea mtani kama huyu.

Tulipomaliza kufukia, watu wakaenda kunawa na kula. Nikamfuata Dzingai. Nikachuchumaa mbele yake, hapo kwenye mguu ambao haupo.

"Kaka Dzingai, wewe walau niamini. Ni mimi."

Alikuwa bado anafuta macho kwa kicheko. Akaniwekea mkono begani, kwa upole hasa.

"Mzee Mukanya, aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Mwaka juzi, tukivuna. Aliniambia, siku nitakapozikwa, mtani wangu atakuja na tochi. Atajitwika kosa langu ili anisafishe. Alisema, usimwamini, ndivyo alivyo, ananipenda kupita kiasi."

Sikuwa nimemwambia mtu habari ya tochi. Hata mke wangu. Basi Gwinyai alijua. Alijua tangu siku ileile, akalima misimu tisa anajua, nami natangulia ng'ombe wake napiga porojo. Na kabla ya kufa akapita akaufunga mlango wa mwisho, kwa mapenzi, nisije nikaumia. Ebo, Samanyanga! Nani alikutuma? Mlango huo ndio niliokuwa nautaka.

Dzingai akaichukua tochi mkononi mwangu, akabonyeza, haikuwaka. Akanirudishia. Akaokota magongo yake, akasimama, akatazama mawingu upande wa milima.

"Mvua haiko mbali," akasema. "Sijui msimu huu nani atanilimia."

"Mimi," nikasema. "Nitakulimia mimi mpaka nife."

Akacheka tena, akaanza kushuka kwenda kwenye chakula. "Acha utani, Mukanya."