Dalenda na vitufe visivyo na jina

"Kitufe. Kitufe. Kitufe. Picha. Kiungo, bofya hapa."

Ni saa mbili na nusu asubuhi, ghorofa ya pili ya Mfuko wa Afya wa Wafanyakazi wa Vinu vya Mafuta, barabara ya Gremda, mjini Sfax. Dalenda Chaabouni ameegemea kiti, macho ameyafumba, kidole kimoja kiko juu ya kibodi. Sauti ya kompyuta inasoma mbio kama mpiga mnada anayetaka kuwahi chakula cha mchana. Skrini iliyo mbele yake imezimwa. Haina kazi kwake.

"Umesikia?" anamuuliza mwandishi aliyeketi kando. "Vitufe vitatu. Kimoja kinatuma ombi la dawa, kimoja kinalifuta, cha tatu sijui. Bonyeza upendacho, Mungu akusaidie."

Anacheka kidogo, kisha anajikanda shingo. Usiku hakulala vizuri. Masikio yanamvuma, na daktari amemwambia yataendelea kumvuma kama hataacha kusikiliza ile sauti saa sita kwa siku.

Toleo jipya la tovuti ya mfuko linatakiwa kufunguliwa Alhamisi, keshokutwa. Yeye alikabidhiwa jana mchana alijaribu. Mpaka sasa ameshahesabu makosa sitini na saba, na bado hajatoka kwenye ukurasa wa kwanza na fomu ya dawa.

"Haya yote tulishayarekebisha mwaka jana," anasema. "Yote, moja baada ya jingine. Nimekuwa mtu wa kujaza maji kwenye pakacha."

Dalenda ana miaka hamsini na tatu na haoni. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mwanachama asiyeona, asiyesikia au asiyeweza kushika kipanya anaitumia tovuti ya mfuko bila kumwomba jirani. Kompyuta yake ina programu inayosoma kwa sauti kilichomo kwenye ukurasa, lakini programu hiyo haina miujiza. Picha isiyoandikiwa maelezo, kwake ni "picha" basi. Kitufe ambacho aliyekitengeneza hakukipa jina, kwake ni "kitufe".

Hati yake ya mshahara, dinari elfu moja mia moja na themanini kwa mwezi, bado inamwita mpokea simu.

Na kweli alikuwa mpokea simu. Alizaliwa Agareb, kwenye mizeituni, akiwa na ugonjwa wa macho wa kurithi uliomla nuru polepole. Alipofika miaka kumi na tisa alikuwa anatofautisha mchana na usiku tu.

"Daktari hakuzungumza na mimi, alizungumza na baba," anakumbuka. "Akamwambia, 'Mtafutie kazi ya mikono huyu, kusuka vikapu au kutengeneza mafagio.' Baba akamjibu, 'Daktari, wewe humjui. Huyu kazi yake ni mdomo.'"

Akapelekwa kusomea kazi ya simu, na akiwa na miaka ishirini na mitatu mfuko ukamwajiri. Kwa miaka ishirini na sita alikaa kwenye chumba kidogo cha chini akipokea simu za wakamuaji mafuta, wabeba magunia, wajane wao na yatima wao. Aliwajua kwa sauti. Mtu akisema "alo" tu, yeye anamalizia: "Karibu, mzee Tijani, mguu unaendeleaje?"

Miaka minne iliyopita mafundi walikuja na bisibisi wakang'oa mitambo ya simu. Uongozi ulisema mambo yote sasa yako kwenye tovuti. Dalenda akapewa kiti kwenye korido.

"Miezi minane walinilipa kwa kukaa," anasema. "Watu wakipita wananiambia, 'Dalenda, umebahatika, unakula bure.' Hakuna kitu kinachochosha kama kukaa bila kazi mahali ulipokuwa na kazi."

Kilichomtoa kwenye kiti hicho ni sauti.

Asubuhi moja alisikia mtu akibishana na mlinzi ngazini. Alikuwa mzee Tijani Ellouze, mkamuaji mafuta mstaafu wa Sakiet Eddaier. Presha ya macho ilikuwa imemchukua jicho la kushoto zamani. La kulia lilibaki na mwanga mdogo uliomtosha kujiepusha na nguzo na kumwona mkewe kama kivuli. Mwanga huo ulilindwa na dawa ya matone, na dawa hiyo haitolewi bila kibali cha mfuko, kinachoombwa upya kila baada ya miezi sita.

"Mzee Tijani?" Dalenda aliita.

"Dalenda! Wewe upo? Waliniambia simu imekufa, nikajua nawe umekufa nayo."

"Nipo, baba. Umefuata nini mbali huku?"

"Kibali cha dawa. Nimehangaika na hiyo tovuti yenu wiki tano. Nimejaza jina, nimejaza namba, nikifika mwisho inaniambia nithibitishe kwamba mimi ni binadamu. Nichague picha zenye taa za kuongozea magari! Mimi! Nikamwambia mke wangu, hawa wananitania."

"Mkeo hakukusaidia?"

"Mke wangu hajui kusoma, unajua. Jirani yuko kazini Libya. Nikasema nitajaribu tena kesho. Kesho nayo nikajaribu."

Dalenda akamuuliza amekaa muda gani bila matone.

"Wiki tano si nimekwambia," alisema mzee. "Tangu Jumapili mke wangu simwoni hata kivuli."

Dalenda alimshika mkono, wakapanda ngazi wote wawili, asiyeona akimwongoza asiyeona, mpaka ofisi ya mkurugenzi, Mongi Fourati. Hawakubisha hodi.

"Lella Dalenda, nina wageni," mkurugenzi alisema. Kule Sfax, Lella ni Bibi na Si ni Bwana.

"Na mimi nina mgeni, Si Mongi. Huyu amelipa michango miaka thelathini na moja. Tovuti yako imempofusha."

Mkurugenzi, ambaye watu wake wanamtaja kuwa si mtu mbaya bali mtu wa haraka, alisoma kadi ya mzee, akapiga simu duka la dawa hapo hapo, kibali kikatoka kwa dakika nne. Kisha akasema jambo ambalo Dalenda hajalisahau.

"Lakini Lella, tangu tuifungue hakuna hata mtu mmoja aliyelalamika."

"Wangelalamika wapi, Si Mongi? Fomu ya malalamiko nayo iko kwenye tovuti."

Matone yalirudi. Mwanga haukurudi.

Wiki iliyofuata Dalenda alipewa meza, kompyuta, na mtu wa kufanya naye kazi: Nizar Gargouri, fundi wa tovuti mwenye miaka thelathini na moja, aliyeitengeneza tovuti hiyo kwa mikono yake na kuionea fahari. Dalenda alimpa orodha ya makosa mia mbili na kumi na nne. Kosa la kwanza lilikuwa kwamba kurasa za Kiarabu zilikuwa zimeandikishwa ndani kwa ndani kama za Kifaransa, hivyo sauti ya kompyuta ikavisoma vyeo vya wakurugenzi kama Mfaransa mlevi aliyepotea sokoni.

Nizar aliipokea orodha, akaiweka.

"Sikufichi, nilimwona ni mama mkorofi tu," Nizar anakiri leo. "Nilisema, watu wangapi hawa? Kumi? Ishirini? Nibomoe nyumba kwa ajili ya watu ishirini?"

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo ulimfikia Nizar kwa njia ya mpira wa miguu: Jumapili moja aliangukia mkono wa kulia, ukavunjika kifundo. Jumatatu alikuja kazini na plasta mpaka kwenye kiwiko. Kipanya hakishikiki. Akabaki kutumia vitufe vya kibodi kwa mkono wa kushoto, kama Dalenda anavyofanya.

Saa nne Dalenda akamsikia anatukana chini chini.

"Kuna nini?"

"Hii kalenda ya tarehe ya kuzaliwa. Nimeingia, sasa sitoki. Nikibonyeza inanirudisha Januari."

"Ni namba tisini na moja kwenye orodha yangu. Karibu gerezani, mwanangu. Chai hatuna."

Kwa wiki sita za plasta, walirekebisha makosa mia moja na arobaini. Fumbo la picha za taa lilikuwa la kwanza kuondoka.

Lakini aliyemfundisha Dalenda kazi hii, mwenyewe anasema, hakuwa Nizar wala mzee Tijani. Alikuwa Saloua Ben Ayed, mwanamke kiziwi anayefunga chupa kwenye kiwanda cha mafuta ya zeituni. Dalenda alimwalika ajaribu video ya mkurugenzi inayoeleza haki za wanachama, ambayo haikuwa na maandishi wala mtu wa kutafsiri kwa ishara. Saloua alikuja na mpwa wake wa kike wa kumtafsiria. Katika maongezi Dalenda akajisahau, akaanza kusimulia jinsi mambo yalivyokuwa mazuri enzi za simu: kila mtu alipiga, kila mtu alihudumiwa.

Mpwa akatafsiri. Saloua akajibu kwa ishara. Kisha mpwa akasema, kwa aibu kidogo:

"Shangazi anasema, simu yako haikuwahi kumpokea yeye."

Dalenda anasimulia hayo huku akizungusha kikombe cha kahawa iliyopoa.

"Miaka ishirini na sita nilijisifu kwamba namjua kila mwanachama," anasema. "Kumbe namjua kila mwanachama mwenye sauti. Saloua alikuwa akipanda basi kila mara, na kijikaratasi mkononi, ananipita pale chini kwenye chumba changu. Mimi naye tulikuwa hatuonani wala hatusikiani. Tangu siku ile sijasema tena rudisheni simu."

Kazi ilichukua mwaka na nusu. Video iliwekewa maandishi, na Saloua mwenyewe ndiye anayeonekana pembeni akitafsiri kwa ishara. Vitufe vikapata majina, kalenda ikapata mlango wa kutokea. Masika ya mwaka jana mzee Tijani aliomba peke yake kibali cha matone, sasa ya kutuliza maumivu tu, kwa simu ya mkononi inayomsomea kwa sauti, akampigia Dalenda nyumbani.

"Aliniambia, 'Imechukua dakika tisa. Ningeweza hata kunywa chai katikati.' Akacheka. Halafu akasema, 'Ingekuwa hivi mwaka ule, ee?'"

Baada ya hapo uongozi uliamua tovuti imezeeka. Kampuni ya nje ikapewa kazi ya kuipa sura mpya, yenye rangi nzuri, picha kubwa za mizeituni na herufi za kijivu kwenye weupe ambazo hata Nizar, mwenye macho mawili, anazikodolea. Hakuna aliyewaambia wageni hao kwamba kuna orodha.

Ndiyo maana asubuhi hii Dalenda amerudi kwenye "kitufe, kitufe, kitufe". Na ndiyo maana saa tano anasimama, anachukua fimbo yake, na Nizar anamfuata na karatasi.

"Lella, tafadhali, usianze na kufoka," Nizar anamnong'oneza kwenye ngazi.

"Nguvu za kufoka nazitoa wapi?"

Mkurugenzi anawakaribisha. Anasema mialiko ya uzinduzi imeshatumwa, wageni wanakuja Alhamisi. Dalenda anamsikiliza mpaka amalize. Kisha anaweka kompyuta yake mezani, anachomoa visikilizio ili sauti isikike chumba kizima, na anaanza kuomba kibali cha dawa. Anabonyeza. "Kitufe." Anabonyeza. "Kitufe." Anabonyeza. Sauti inataja jina la faili lenye herufi na namba ishirini na mbili, moja moja.

"Nichague kipi, Si Mongi?" anauliza kwa upole. "Kimoja kinatuma, kimoja kinafuta. Wewe unaona. Mimi nibonyeze kipi?"

Mkurugenzi anasonya, si kwa hasira. Anasikika akifungua droo na kuifunga.

"Siku ngapi?"

"Mwezi."

"Wiki mbili. Ile ya zamani ibaki mpaka hapo. Wageni nitawatafutia uongo."

"Wiki mbili na Nizar asipewe kazi nyingine. Na wale mabwana wa rangi nzuri waje hapa, wakae na mimi na Saloua siku nzima. Saloua alipwe siku yake."

"Umechoka, Lella, lakini mdomo haujachoka."

"Ndio nilioajiriwa nao."

Mchana wanakula mkate, dagaa wa kuchoma na harisa, ile pilipili ya kusaga, kwenye meza ile ile ya kazi. Nizar amefurahi, kwake wiki mbili ni ushindi. Dalenda hafurahi wala hahuzuniki. Anatafuna polepole. Mwaka keshokutwa, anasema, kutakuwa na sura nyingine mpya, na kampuni nyingine, na yeye atashika tena fimbo yake apande ngazi zile.

Kwa hiyo ana mpango. Ameandika ukurasa mmoja, mfupi, anaotaka uongozi uupitishe kabla hajastaafu: kwamba hakuna toleo la tovuti litakalofunguliwa mpaka mtu asiyeona, mtu asiyesikia na mtu asiyeweza kushika kipanya wawe wameomba dawa kwenye tovuti hiyo bila kusaidiwa, na wawe wameajiriwa kwa kazi hiyo, kwa jina la kazi hiyo. Saloua amekubali kuwa mmoja wao. Ukurasa huo umekaa kwa mkurugenzi miezi mitatu. Leo, walipokuwa wakitoka, alisema atausoma Ijumaa.

"Mimi sitaki kushukuriwa," anasema Dalenda, akikung'uta makombo na kutafuta visikilizio kwa vidole. "Nataka mtu asiyeona, ambaye hajanijua na hatanijua, afungue ule ukurasa, aombe dawa yake, aufunge, aendelee na ugomvi wake na mkewe. Asikumbuke hata kwamba alitumia tovuti. Nikifika hapo, nitalala."

Anavaa visikilizio na kurudi kwenye kosa la sitini na nane.